Miaka Mitatu ya Huruma

Karakana ya Cherehani, nyuma ya soko la nguo
11 Machi

Mheshimiwa Hakimu Mstaafu,

Shikamoo. Mimi ni binti wa yule mama mfanya usafi wa hospitali uliyemfunga miaka mitatu tarehe ishirini na sita Februari, kwa wizi wa maboksi manne ya dawa. Pengine utanikumbuka kwa gauni la kijani lenye madoa ya mafuta ya mashine, maana nilikuja mahakamani moja kwa moja kutoka kazini. Karani wa masjala ameniambia ulistaafu siku mbili baada ya hukumu ile, na yeye ndiye aliyenipa namba ya sanduku lako la posta. Usimlaumu, nilimng'ang'ania.

Sikuandikii kukutukana. Nakuandikia kwa ajili ya neno moja. Mama aliposomewa shitaka, ukamuuliza kama ni kweli au si kweli, alijibu hivi, nami nilikuwa benchi la pili nikimsikia: "Ni kweli nilizitoa mimi, lakini bwana stoo ndiye aliyenituma nikazitupe shimoni, zilikuwa zimeisha muda." Wewe ulikuwa umeinamia karatasi unaandika. Alipofika kwenye "lakini" uliinua kalamu. Nilidhani unapumzisha mkono.

Jana nimepewa nakala ya mwenendo wa kesi. Imeandikwa: "Mshtakiwa: Ni kweli nilizitoa." Kisha nukta. Mstari unaofuata unasema amekiri kosa na ametiwa hatiani. Karani anasema mtu aliyekiri hawezi kukata rufaa kupinga kutiwa kwake hatiani, labda aonyeshe kwamba kukiri kwenyewe hakukuwa kamili. Na mahakama ya juu haisikilizi ushahidi upya. Inasoma jalada. Lisilokuwemo kwenye jalada, kwao halikusemwa.

Kesho napeleka kusudio la rufaa. Baada ya hapo nina siku arobaini na tano za kuleta sababu. Naomba ndani ya siku hizo uape kwa maandishi kwamba mama alisema maneno yale. Sitaki kingine kutoka kwako.

Binti wa mfungwa,
Fundi Cherehani


24 Machi

Binti,

Marahaba. Barua yako imenifika. Katika miaka thelathini na moja ya kazi sikuwahi kumjibu ndugu wa mfungwa. Nakujibu wewe kwa kuwa sasa mimi si mtumishi wa mtu.

Hakimu hatoi ushahidi dhidi ya jalada lake mwenyewe. Alichoandika ndicho kilichotokea mbele yake, na mahakama ya rufaa itakichukua hivyo. Kila hakimu akianza kuapa juu ya alichokisahau, hakuna hukumu itakayosimama hata wiki.

Lakini nina ushauri, na nakuomba uupime ukiwa umetulia. Msikate rufaa. Kama kusudio limekwisha kuingia, mama yako aliondoe, sheria inamruhusu. Miaka mitatu, ukitoa theluthi anayosamehewa mwenye tabia njema, inabaki miwili. Katika adhabu mama yako hakuonewa. Akae kimya amalize, arudi nyumbani.

Wako,
Hakimu Mstaafu


Gereza la Wanawake
2 Aprili

Mwanangu Kifungo,

Barua zote huku hufunguliwa mlangoni, kwa hiyo usiniandikie jambo ambalo hutaki lisomwe na askari mwenye kikohozi. Mimi sijambo. Gauni nililopewa linatosha mimi na jirani yangu kwa pamoja, na bado tungebakiza kitambaa cha mto. Nimepangiwa kufua. Nimecheka peke yangu: miaka kumi na tisa nafua mashuka ya wagonjwa, nimekuja huku nikapewa ndoo ileile.

Nilipokupa jina hilo, ulipomeza kifungo cha shati la baba yako, sikujua kwamba neno lina mlango wa nyuma. Wenzangu wakisikia naandikia "Kifungo" wanadhani nimeanza kuchanganyikiwa, naiandikia adhabu yangu barua.

Kitanda cha pili kutoka changu yuko mwanamke tunayemwita Mwalimu, kwa sababu alikuwa mwalimu. Amefungwa miaka saba kwa moto ulioteketeza bweni, na hata siku ya moto hakuwepo shuleni. Naye ana rufaa yake. Amesoma nakala uliyonitumia akakasirika kuliko mimi. Anasema rufaa yangu ina miguu, itasimama yenyewe. Ameniandikia sababu za rufaa kwa mwandiko mzuri mpaka nikaona aibu kutia saini yangu chini yake. Nazituma pamoja na barua hii.

Bwana stoo anasemaje? Mwambie sina kinyongo, aseme tu alivyonituma. Na chumba chetu, umepaka ule ukuta wenye unyevu?

Mama yako


Karakana ya Cherehani
20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sababu za rufaa zimepokewa na kugongwa muhuri. Mwambie Mwalimu karani amezisoma akauliza ni wakili gani ameziandika.

Nyumbani salama. Ukuta nimeupaka. Kazi ipo, kila mteja anakuja na cherehani akisema imegoma, kumbe haijaona mafuta tangu inunuliwe. Naziweka juu ya meza, nazifungua, nazisikiliza. Mashine ina afadhali, haikani ilichokisema.

Bwana stoo nilimkuta ana shughuli nyingi. Nitarudi.

Usifue bila kukausha mikono, unajua ngozi yako.

Mwanao,
Kifungo


Karakana ya Cherehani
25 Aprili

Mheshimiwa Hakimu Mstaafu,

Umeniambia mama hakuonewa katika adhabu. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi nikitafuta mahali pa kuishika.

Nikueleze ambayo simwelezi yeye. Chumba chetu kilikuwa cha wafanyakazi wa hospitali. Wiki moja baada ya hukumu yako walikuja na barua, wakasema mfungwa si mfanyakazi. Vitu vyetu viko hapa karakanani, kitanda cha mama nimekisimamisha ukutani nyuma ya mashine, nami nalala chini ya meza ya kazi. Yeye anadhani napaka ukuta rangi.

Nilikwenda kwa bwana stoo. Amepandishwa cheo, ana ofisi yenye pazia. Sikuwa na maneno mengi, nilimwomba tu aseme kwamba alimtuma. Alinisikiliza mpaka mwisho, tena kwa upole, kisha akasema, "Mama yako mwenyewe amekiri mbele ya hakimu. Mimi niongeze nini?"

Umeona kalamu yako ilivyofanya kazi. Mwongo anaegemea kwenye nukta uliyoiweka wewe, na ukiiondoa anaanguka. Mahakama ya juu ina uwezo wa kufuta ulichokiamua. Wewe unajua hivyo na unaogopa, ndiyo maana unaniambia tukae kimya. Rufaa haitaondolewa.

Bado nakuomba kiapo.

Fundi Cherehani


19 Mei

Binti,

Nimechelewa. Jicho moja linapata ukungu, naandika kwa mwendo wa konokono.

Sikujua habari ya chumba. Pole.

Unasema naogopa. Ni kweli naogopa, ila si kitu unachodhani. Nakuomba kwa mara ya pili, na safari hii si kama hakimu bali kama mtu mwenye umri wa baba yako: mwondoeni mama huyo katika rufaa hiyo. Majaji wa juu hawapewi ukurasa mmoja. Wanapewa jalada zima. Kuna mambo siwezi kuyaweka kwenye karatasi. Ungekuwa karibu ningekueleza kwa mdomo.

Hakimu Mstaafu


Karakana ya Cherehani
3 Juni

Mheshimiwa,

Nimeelewa. Mtu akitaka kumtisha mwenzake bila yeye kukamatwa, huandika hivyohivyo: kuna mambo siwezi kuyaweka kwenye karatasi.

Siji kwako kusikia kwa mdomo. Yaliyosemwa kwa mdomo mbele yako nimeona yanavyopotea.

Sitakuandikia tena.

Fundi


Karakana ya Cherehani
16 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Tarehe imetoka: kumi Novemba, asubuhi, majaji watatu. Utaletwa na gari la magereza. Karani anasema rufaa nyingi za mwaka jana bado hazijapangiwa, kwa hiyo hii ni bahati.

Nilimwandikia yule hakimu mara mbili tatu, sikukwambia. Hataki kuapa. Kila akijibu anasema tuiondoe rufaa. Hakuna sababu anayoitoa, hofu tu. Mtu ambaye hakufanya kosa hawezi kuogopa jalada lisomwe. Mimi hilo limenipa nguvu kuliko kiapo chenyewe.

Siku hiyo waeleze taratibu, usikimbie maneno. Wakikuuliza jambo hujalielewa, waombe warudie. Nitakuwa nyuma yako. Na nitakuletea ule mtandio wa zambarau, kama watakuruhusu.

Kuhusu chumba, mama, tutaongea ukitoka.

Mwanao,
Kifungo


2 Novemba

Binti,

Ulisema hutaniandikia tena, nami nimekubali. Hii ni yangu, wala haihitaji majibu, inahitaji tu kusomwa upesi. Karani wa masjala ameniambia rufaa yenu ni tarehe kumi.

Mama yako alisema "lakini". Alisema yote uliyoyaandika, na jina la cheo cha yule mtu wa stoo alilitaja. Niliyasikia.

Nikueleze ilivyokuwa. Ilikuwa wiki yangu ya mwisho. Mezani nilikuwa na majalada thelathini na manne, na nilikuwa nimemwahidi mkuu wangu kwamba sitaacha kiporo. Mshtakiwa akisema ni kweli, shauri linaisha asubuhi hiyohiyo. Akisema ni kweli lakini, ninalazimika kuandika kwamba amekana, niite mashahidi, nisikilize miezi kadhaa, yaani jalada limwangukie atakayekuja baada yangu. Nilipoisikia "lakini" yake mkono wangu ulisimama wenyewe. Nilijiambia, kila mwizi ana lakini yake. Nikaweka nukta.

Halafu nikamtazama. Alikuwa amenyoosha mikono pembeni kama mtoto wa shule, anangoja. Nikajua anasema kweli. Sheria ya wizi wa mtumishi wa umma inataka miaka mitano, hakimu hana ruhusa ya kushuka chini yake. Mimi niliandika mitatu. Nilimpunguzia miwili kwa sababu nilijua nimemwibia neno, nikadhani tumelipana. Mwendesha mashtaka hakuona, au aliona akanyamaza kwa kuniheshimu, kwa kuwa nilikuwa naondoka.

Sasa sikia linalonitia hofu. Rufaa ikishaingia, jalada lote liko wazi mbele ya majaji: kutiwa hatiani, adhabu, kila kitu. Wanaweza kufuta. Wanaweza kupunguza. Na wakikuta adhabu ni pungufu ya kima kilichowekwa na sheria, wanaweza kuipandisha. Adhabu yangu ilikuwa salama muda wote ambao hakuna aliyelifungua jalada lile. Ndiyo maana nilisema mkae kimya. Sikuweza kukwambia sababu bila kukwambia na lile la kwanza, na la kwanza lilinishinda. Siku ya kuniaga walisimama wakasema hakuna hukumu yangu iliyowahi kuwaaibisha. Nilipiga makofi pamoja nao.

Mama yako aiondoe rufaa kabla ya tarehe kumi. Hata asubuhi hiyohiyo, kabla hawajaanza, anasimama tu na kusema naiondoa. Naambatanisha kiapo ulichokuwa ukikiomba, nimekitia saini mbele ya wakili. Sijui kama watakipokea. Kuondoa ndiyo salama.

Hakimu Mstaafu

9 Novemba. Barua hii imekaa mezani kwangu siku saba. Kila siku nimeivalia viatu niipeleke posta, nikarudi. Leo naipeleka.


Gereza la Wanawake
13 Novemba

Kifungo mwanangu,

Najua ulikuwepo, na najua uliona. Lakini ulikuwa nyuma, hukuiona sura ya yule jaji wa katikati, na nataka ujue nilivyofika pale nilipofika, usije ukadhani mama yako amerukwa na akili.

Ule mwanzo ulisikia. Niliwaeleza kuhusu bwana stoo na shimo, taratibu kama ulivyoniagiza. Jaji wa kushoto akasema kwa heshima kabisa, mama, hayo hayamo kwenye jalada, sisi tunafungwa na jalada. Nikakubali. Nilijua hapo tumaini limeshakatika.

Ndipo wakili wa serikali akasimama na kitabu. Sikushika alichosoma, nilisikia tu "pungufu ya kima". Yule wa katikati akanigeukia, akavua miwani. Uso wake ulikuwa mzuri, mwanangu, uso wa mtu anayetaka kukusaidia. Akaniuliza, "Mrufani, una sababu yoyote kwa nini mahakama hii isiirekebishe adhabu yako?"

Mimi nikasikia kurekebisha. Cherehani iliyoharibika wewe huirekebisha. Nikajua wameona miaka mitatu ni mingi kwa mwanamke wa umri wangu, wanataka kuipunguza, wananiuliza kwa adabu kama sina kipingamizi. Nikasema, "Sina sababu, waheshimiwa. Naomba mrekebishe."

Nikawashukuru na kuinama.

Wakaandika wote watatu. Waliposoma mitano nilidhani wamekosea, nikamtazama askari. Yeye akatazama chini.

Kwa hiyo ni mdomo wangu. Uliniambia nikiwa sijaelewa niwaombe warudie, lakini nilidhani nimeelewa. Mara ya kwanza nilisema sana nikafungwa mitatu, mara ya pili nimesema kidogo nikaongezewa miwili. Umehangaika miezi minane, umeniletea mtandio, nami nimekwenda kuyamwaga yote kwa sentensi moja. Nisamehe. Sili vizuri kwa sababu ya hilo tu, mengine nayaweza.

Mama yako


Karakana ya Cherehani
17 Novemba

Mheshimiwa,

Barua yako ya tarehe mbili ilinifika tarehe kumi na tano. Mama aliongezewa miwili tarehe kumi.

Kiapo chako nilikipeleka masjala siku ileile. Karani alikisoma akiwa amesimama. Akasema majaji wameshatia saini na hawawezi kulifungua tena jalada walilolimaliza, na hata wangeweza, hakimu hatoi ushahidi dhidi ya maandishi yake mwenyewe. Ulikuwa umeniambia hilo tangu Machi, hapo hukunidanganya. Akasema ipo mahakama nyingine juu yao, ila huko ni kwa kibali, na kwa hoja za sheria tu. Nilimuuliza kama kuibiwa neno ni hoja ya sheria. Akanirudishia karatasi.

Nimejaribu kukuchukia na nimefaulu, lakini kumebaki nafasi, na kwenye nafasi hiyo niko mimi. Uliniambia mara mbili tuiondoe. Mimi ndiye niliyeisukuma. Nilikuona mwoga, nikaona woga wako ni ushahidi.

Sina haja ya pole yako. Nataka jambo moja, na safari hii usikae nalo siku saba. Mama anadhani ameongezewa kwa sababu ya alivyojibu. Ameacha kula. Mimi nikimwambia si kosa lake, ananiona mtoto anayembembeleza mama yake. Mwandikie wewe. Mwambie uliyoniambia mimi, yote, kwa mkono wako. Anakuheshimu bado, ndivyo alivyo.

Fundi Cherehani


20 Novemba

Mama,

Mimi ndiye niliyekuwa hakimu katika shauri lako. Binti yako ameniomba nikuandikie, na ningepaswa kukuandikia bila kuombwa.

Siku ile mahakamani kwangu ulijibu sawasawa. Ulisema ni kweli ulizitoa dawa, lakini ulitumwa kuzitupa. Mimi niliandika nusu ya jibu lako kwa sababu nilitaka kumaliza kazi. Sheria ilitaka, kwa jibu lile, niandike kwamba umekana na niwaite mashahidi. Huenda leo ungekuwa kwako.

Kisha nilikupa adhabu ndogo kuliko inavyoruhusiwa. Niliiita huruma. Mahakama ya juu ilipoliona hilo haikuwa na njia nyingine ila kuipandisha, ungejibu ulivyojibu au ungenyamaza au ungelia. Swali lile huulizwa kwa kuwa ni lazima liulizwe. Jibu lako halikuongeza hata siku moja. Miaka yote mitano ni yangu, mitatu ya kwanza na miwili hii.

Binti yako naye hana kosa. Nilimficha.

Tafadhali kula.

Aliyekuwa hakimu


Gereza la Wanawake
5 Desemba

Mheshimiwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata ikiwa imefunguliwa, kama zote. Askari aliyeisoma mlangoni aliniletea mwenyewe mpaka kitandani, akasimama kidogo, akaondoka.

Nimekula. Umwambie binti yangu hivyo kama mnaandikiana, mimi pia nitamwambia, lakini mimi haniamini. Kwamba si mdomo wangu nimeelewa, na ahsante kwa kuniambia. Kukuchukia sijaweza. Nguvu zangu nazihesabu, sina za kukupa.

Binti yangu anataka twende kwenye mahakama ile nyingine ya juu zaidi. Nimemkataza. Huko nako wanasoma jalada, na jalada ni lako.

Nimekuandikia kwa jambo jingine. Hapa tulikuwa wanawake wanane wenye rufaa. Niliporudi tarehe kumi nikiwa na miaka yangu mitano, wenzangu walinisogezea nafasi nikae. Barua yako ilipokuja Mwalimu alinisomea kwa sauti, niliomba mwenyewe, nikidhani wenzangu wakisikia kwamba halikuwa kosa langu watapata moyo. Alipofika mahali unaposema wangepandisha adhabu hata ningejibu nini, mmoja akamwomba arudie. Akarudia.

Jumatatu walipanga foleni mlangoni kwa mkuu wa gereza, wote saba, kuondoa rufaa zao. Niliwafuata. Niliwaambia kesi zao si kama yangu, adhabu zao hazina upungufu, wasiogope. Yupo msichana wa miaka kumi na tisa, kesi yake hata mtoto akiisoma ataona ameonewa. Akanijibu kwa upole, "Mama, wewe ulikuwa na haki yako kabisa, na wamekuongezea. Mimi nikienda nitarudi na ngapi?"

Jibu wewe ungekuwa nalo, mheshimiwa, wewe unazijua sheria. Nilitazama huku na huku kama kuna mtu wa kumjibu, hapakuwa na mtu.

Mwalimu alikuwa wa mwisho. Yeye ndiye aliyekuwa akitufundisha siku za kuhesabu, na namna ya kuandika sababu, na kwamba hakimu akikosea yuko wa kumsahihisha. Nilimshika mkono. Akasema hajachoka, ameogopa tu. Akaingia, akatia saini, akatoka. Wameziondoa zote saba.

Mfungwa,
Mama yake fundi